Mtoto wa Jicho la Kulia

"Mashine hii inadanganya," Mama Rangi alisema, akaigonga skrini kwa ukucha kama mtu anayebisha hodi kwa jirani anayejifanya amelala. "Tazama. Bonde! Nani aliwahi kuona bonde mahali hapa?"

Mhadhiri kijana aliyefanya naye kazi katika maabara ile aliinama kutazama. Wanafunzi walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukupumzika: alisema akipima, alisema akiosha vyombo, alisema hata na friji likikoroma. Sasa aliutazama mstari kwenye skrini, akavitazama vichupa viwili vya mraba vilivyokaa tumboni mwa mashine, akanyamaza. Na kunyamaza kwa Chiriku kulikuwa habari tosha.

Kazi ya spektromita si ngumu kuieleza. Unapitisha mwanga kwenye kichupa chenye kitu chako, unaulinganisha na mwanga uliopita kwenye kichupa cha maji matupu, na mashine inakuchorea rangi zipi zimemezwa njiani. Rangi ikimezwa, mstari unapanda kilima. Ukishuka chini ya sifuri, maana yake maji yamemeza mwanga kuliko hicho kitu chako. Na maji, tangu dunia iwe dunia, hayana tabia hiyo. Asubuhi ile, upande wa urujuani, mstari ulikuwa umetumbukia kama gari lililokosa daraja.

"Fundi anakuja saa nane kuifunga kwenye sanduku," Mama Rangi aliendelea. "Irudi ilikotoka, wakaifungue. Nusu mwaka, wanasema. Basi, iwe nusu mwaka. Heri kukosa mashine kuliko kuishi na mashine mwongo."

Chiriku alihesabu miezi kwa vidole. Mkataba wake wa kazi ungekwisha kabla ya hiyo nusu mwaka, na kilichobaki ili uongezwe kilikuwa makala moja tu: makala yao wawili kuhusu vibamba vya madini ya fedha, vidogo kiasi kwamba maelfu yake yangeweza kulala kwenye ncha ya sindano yasiguswe na upepo. Vikiwa na umbo la tufe hufanya maji yawe manjano. Ukivinyoosha vikawa vibamba, maji huwa ya rangi ya chungwa, kisha mekundu, kisha zambarau, mpaka yakafika buluu. Ni fedha ileile; kinachobadilika ni umbo lake. Na ilikuwa buluu hiyo ya mwisho, buluu safi, ambayo kwa miezi kadhaa Mama Rangi alikuwa akiitafuta na kuikosa. Kila mchanganyiko ulipoiva aliuinua kwenye mwanga wa dirisha, akakunja uso, akasema, "Umechafuka. Mwaga."

"Mwalimu," Chiriku alisema hatimaye. Akakichomoa kichupa cha pili, kile cha kulinganishia. "Hiki ulikijaza nini?"

"Maji."

"Kutoka wapi?"

"Kutoka chupa ile pale. We vipi? Mimi leo sijui maji?"

Chiriku aliigeuza chupa ile. Kibandiko chake kilikuwa kimeelekea ukutani, na juu yake kulikuwa na mwandiko wake mwenyewe: *fedha, tufe, nyepesi.* Akakiinua kichupa mbele ya dirisha. Kilikuwa na umanjano mwepesi, kama chai ya mtu aliyeharakishwa.

"Mwalimu, hii ni manjano."

"Hii ni maji."

Wakatazamana. Mama Rangi alikuwa na miaka zaidi ya thelathini katika kazi hii, na jina lake hilo hakujipa mwenyewe. Walimpa wanafunzi wa zamani kwa sababu angeweza kuinua chupa ya dhahabu iliyosagwa hadi kuwa chembe zisizoonekana na kukutajia ukubwa wa chembe hizo kwa kuangalia wekundu tu. Watu wa mtaani kwake, waliposikia anafanya kazi ya dhahabu na fedha, walimwonea wivu. Hawakujua kwamba dhahabu yote aliyoigusa tangu aanze isingetosha pete ya mtoto.

"Haya," akasema polepole. "Tufanye kama watu wenye elimu. Jaza kimoja maji, kingine hiyo unayoiita manjano. Mimi nageukia ukuta. Rusha sarafu kuchagua kipi unionyeshe, usije ukachagua kwa moyo wako. Halafu andika ninachosema."

Wakafanya hivyo. Sarafu ililia mezani, Mama Rangi akageuka, akatazama kichupa kilichowekwa mbele ya karatasi nyeupe, akasema "maji" au "si maji," akageukia ukuta tena. Mwanzoni alijibu upesi, kwa sauti ya mtu anayemwadhibu mwenzake. Baadaye alianza kusogeza uso karibu. Baadaye zaidi aliinamisha kichwa upande huu na ule, kama kuku anayechunguza punje. Walipokwisha, aliketi kwenye kigoda kirefu na kukunja mikono mapajani.

"Nimepata ngapi?"

"Kama nusu, Mwalimu."

"Kama nusu." Alicheka kidogo, cheko lisilo na meno. "Sarafu yenyewe ingepata hivyo hivyo, na haina macho."

Nje, mtu alipita akiburuta kiti kwenye korido.

"Na ile ya buluu," Mama Rangi akauliza. "Ile ya juzi, niliyosema imekuwa kama maji ya mfereji. Wewe uliionaje?"

"Buluu kama wino."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema, Mwalimu. Mara mbili. Ukaniambia macho ya ujana yana haraka."

"Nilisema hivyo?"

"Mbele ya wanafunzi."

Mama Rangi alijifunika uso kwa viganja, na kwa muda Chiriku alidhani analia. Lakini sauti iliyotoka ilikuwa kavu kabisa. "Miezi yote hii tumemwaga kazi nzuri. Kazi yako. Nimekumwagia mkataba wako kwenye sinki."

"Hatukumwaga."

Viganja vikashuka.

"Wewe ulisema mwaga," Chiriku alisema, na sasa mdomo wake ukarudi kwenye mwendo wake wa kawaida, "na mimi nikasema ndiyo, Mwalimu, nikaondoka na chupa, lakini mkono ukakataa, kwa sababu mstari kwenye mashine ulikuwa mzuri, kilele kimesimama pale pale kinapotakiwa, sasa namwagaje kitu chenye kilele kama kile? Ziko kwenye friji. Karibu zote. Nyuma ya maziwa yangu."

"Unaweka maziwa kwenye friji la maabara?"

"Mwalimu, tugombane kwa jambo moja kwanza."

Fundi alipofika saa nane na sanduku la mbao, kamba na misumari, aliwakuta wawili hao wamejipanga mbele ya friji wakipitishiana chupa kama watu wanaohamisha nyumba. Mama Rangi alimwendea mlangoni, akamshika bega.

"Rudi na sanduku lako, baba. Mgonjwa si huyu."

* * *

Daktari wa macho alikuwa mtu wa mwili mkubwa aliyeimba puani akifanya kazi. Alimwangazia taa jicho la kulia, kisha la kushoto, akaimba, akaandika, akavuta kiti.

"Mama, una mtoto wa jicho. Kila upande mmoja. Wa kushoto bado anatambaa. Wa kulia ameshaota ndevu."

Alimweleza kwamba lenzi iliyo ndani ya jicho huzeeka kama kila kitu. Kwamba kwa wengine hupata ukungu mweupe, na kwa wengine, kama yeye, hukolea polepole, ikawa manjano, ikawa kahawia, mpaka mtu anautazama ulimwengu kupitia kitu kama chupa ya dawa ya kikohozi. Buluu ndiyo hufa kwanza. Na kwa sababu inakwenda taratibu, mwenyewe hana habari. Huona tu kwamba siku hizi watu wanapaka nyumba zao rangi mbaya.

"Kumbe kichujio," Mama Rangi alisema.

"Sema kichujio, ndiyo."

"Nimefundisha vichujio nusu ya maisha yangu, daktari. Kumbe ninacho usoni."

Njia nzima ya kurudi nyumbani hakuwaza kisu. Aliwaza kazi zake. Zile za mwaka jana, za mwaka juzi, dhahabu ya umbo la fimbo, zile chembe za fedha za kutambua madini ya risasi katika maji ya kunywa: ni tangu lini jicho lilikuwa linamtania? Ni wangapi waliomsoma na kumwamini? Alisimama kando ya barabara chini ya paa la duka la viatu, akazipitia moja moja kichwani, na kila alipofika mahali pa kuogopa alikuta spektromita imesimama pale, imeandika namba yake, haina habari na macho ya mtu. Rangi alizozitaja kwa mdomo zilikuwa mapambo; kilichochapishwa kilikuwa kilele. Mashine aliyotaka kuifunga kamba na kuipeleka uhamishoni ndiyo iliyomlindia jina. Mwenye duka akamuuliza anatafuta viatu namba gani. Alisema asante, akaendelea na safari akiwa mwepesi.

Mumewe alikuwa uani akitengeneza mguu wa meza. Kabla ya kustaafu alikuwa refa wa mpira, na mpaka leo mtaa mzima ulimwita Refa, pamoja na mke wake.

"Refa, nina mtoto."

Nyundo ilisimama hewani. "Kwa umri huu?"

"Mapacha. Mmoja kulia, mmoja kushoto." Akaonyesha macho.

Mume alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaona jinsi vidole vya mkewe vilivyokuwa vikichezea upindo wa mtandio, akaacha kucheka. Alimsogezea kigoda.

"Unaogopa kupasuliwa?"

"Naogopa kupasuliwa. Na naona aibu. Mama Rangi haoni rangi! Watu wakisikia..."

"Sikiliza nikwambie, mke wangu. Mimi nimeitwa kipofu na uwanja mzima, mashabiki wa pande zote mbili, wakiwa wamesimama. Jumapili hadi Jumapili. Nilirudi nyumbani, nikala, nikalala. Wewe amekwambia mtu mmoja, tena kwa adabu."

Ikawa zamu yake kucheka. Refa akachukua nyundo, akagonga msumari mmoja, akaongeza bila kumtazama, "Halafu ile soksi."

"Soksi gani?"

"Mwaka mzima unanipangia soksi moja nyeusi, moja buluu. Nikadhani ndiyo mtindo."

* * *

Kabla hajasaini kukubali upasuaji, Mama Rangi alimuuliza daktari swali ambalo daktari, kwa maelezo yake mwenyewe, hakuwahi kuulizwa.

"Ukiitoa hiyo lenzi, inatoka vipande au nzima?"

"Kwa njia yetu hapa, kiini chake kinatoka kizima. Kwa nini?"

"Naiomba."

Daktari aliacha kuimba. "Watu huniomba picha. Mmoja aliomba nimwombee. Utaifanyia nini?"

"Nitaipima."

"Utaipima nini, uzito?"

"Nataka kujua imenificha nini."

Daktari alicheka, akamwambia alete kichupa kisafi. Alileta viwili, kwa sababu mtu wa maabara haamini kichupa kimoja.

Upasuaji wenyewe, wa jicho la kulia, ulikuwa mfupi kuliko hofu yake. Aliona mwanga mkali, akahisi kusukumwasukumwa kama mtu aliyebanwa kwenye foleni, akasikia wimbo wa daktari ukipanda na kushuka, na wimbo ulipokwisha lenzi mpya ya plastiki ilikuwa imekaa mahali pa ile ya zamani, akafungwa bandeji. Kesho yake asubuhi muuguzi aliifungua.

Kitu cha kwanza kuona kilikuwa ukuta. Ukuta mtupu wa wodi, wa hospitali yoyote, uliopakwa chokaa na kuguswa na mabega ya watu. Ulikuwa mweupe. Hakuwa amejua kwamba kuna weupe wa namna hiyo. Alikuwa ameuzoea weupe wa karatasi iliyoachwa dirishani miaka mingi. Weupe huu ulikuwa na ubaridi ndani yake, ulikuwa na buluu imejificha humo, na alilazimika kupepesa. Kisha akageuka na kuona mkanda wa buluu kwenye vazi la muuguzi.

"Mwanangu," alimwambia muuguzi, "huo mkanda wako..."

"Una nini, Mama?"

"Hauna kitu. Ngoja niutazame."

Muuguzi, aliyekuwa na vitanda vingi vya kuhudumia, alisimama akamwachia autazame.

Refa aliingia na chupa ya chai. Alimsogelea, akainamisha uso mbele ya jicho lililofunguliwa kama mtu anayejitazama kwenye kisima.

"Unanionaje?"

"Umezeeka," alisema. "Ndevu zimekuwa nyeupe zote. Mimi nilidhani zina hudhurungi bado."

"Kumbe ndiyo sababu ulikuwa mpole kwangu."

* * *

Mama Rangi aliporudi kazini, Chiriku alikuwa amezipanga chupa zote za kwenye friji juu ya meza ya dirishani, na maziwa yalikuwa yamehamia kwingine. Mama Rangi alivuta kigoda.

Kulikuwa na manjano ya mwanzo, kali kama ua la alizeti likiwa bado bichi. Kulikuwa na rangi ya chungwa, na wekundu wa tunda la kahawa lililoiva mtini. Mwisho wa meza, chupa kwa chupa, ilikuwepo ile ambayo alikuwa ameitafuta akiwa nayo mkononi. Buluu yake haikuwa ya kitambaa wala ya wino. Mwanga uliingia ndani ya maji ukatoka ukiwa umeacha kitu na kuchukua kitu, na kwenye meza nyeupe nyuma ya kila chupa palilala kivuli chenye rangi.

Alikumbuka alivyokuwa msichana wa mwaka wa pili, amesimama nyuma ya mabega ya wenzake warefu, mwalimu akichemsha maji yenye chumvi ya dhahabu. Yalikuwa manjano hafifu, yakapoteza rangi, yakawa meusi kidogo, na wenzake wakaguna kwamba yameharibika. Kisha, bila mtu kuyagusa, yakawa mekundu. Alirudi bwenini siku ile hakula. Tangu hapo kulikuwa na miaka ya kuchora mistari kwa mkono, miaka ya taa zilizoungua katikati ya kipimo, miaka ya kufundisha madarasa yaliyosinzia. Lakini yote ilikuwa njia ya kurudi kwenye dakika ile. Na sasa ilikuwa imemrudia kwa miguu yake yenyewe.

"Mwalimu, unalia?"

"Ni matone ya dawa," alisema. "Hii ya tatu kutoka mwisho ni chafu kweli."

Chiriku aliinama. "Hiyo nakubali."

"Na ile pale pia."

"Ile nayo. Nilikuwa naitunza kwa kukuheshimu tu."

Walipima siku ile yote. Kabla ya kuizima mashine, Mama Rangi alitoa mfukoni kichupa cha hospitali. Ndani ya maji ya chumvi kulikuwa na kitu kidogo mfano wa dengu, cha rangi ya asali iliyopikwa ikakaribia kuungua. Chiriku, ambaye alikuwa amekata vyura na panya bila kupepesa, alirudi hatua nyuma.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo huyo. Mtoto wangu. Mkaribishe."

Walikiweka kwenye kichupa cha mraba, wakakihangaikia mpaka mwanga ukapita katikati, na kichupa cha kulinganishia wakakijaza maji ambayo Chiriku aliyachota mwenyewe na kuyaonja kwa macho mara mbili. Mstari ulianza upande wa wekundu, chini, tulivu, kama mtu anayetembea uwanda. Ulipokaribia kijani ulianza kupanda. Ulipofika buluu ulipanda kama ukuta, na kwenye urujuani ulitoka juu ya skrini, haukuonekana tena.

"Lo!" Chiriku alisema. "Yote hiyo imemezwa."

"Yote hiyo nilikuwa nameza mimi, na sikushiba." Aliusogelea mstari, safari hii bila ukucha. "Mstari mzuri. Hauna hata mkwaruzo. Mashine nzima hii."

"Tuuweke kwenye makala?"

"Thubutu." Kisha akafikiri. "Kwenye makala weka jina lako mwanzo. Langu lifuate."

Chiriku alifungua mdomo akaufunga. Ilikuwa mara ya pili mwaka ule.

Makala yalikwenda kwenye jarida mwezi huohuo, na yalipokubaliwa ilibaki wiki chache mkataba ufe. Wakuu waliuongeza, na Chiriku aliwaarifu kila aliyekutana naye kwenye ngazi, wakiwemo waliokuja kurekebisha bomba. Mama Rangi alibakiza muhula mmoja kustaafu. Alipoulizwa kama anasikitika, alisema hajapata nafasi.

Jicho la kushoto lilingojea zamu yake. Daktari alikuwa tayari, lakini yeye aliomba ahirisho, akaomba jingine. Refa alidhani ni woga mpaka Jumamosi moja asubuhi alipomkuta uani, amesimama mbele ya kamba ya nguo, mashuka yamefuliwa yanapulizwa na upepo, naye anaziba jicho moja kwa kiganja, kisha jingine.

"Unafanya nini?"

"Kwa hili ni jeupe," alisema, akabadilisha mkono. "Kwa hili ni kama limekaa juani tangu jana. Shuka moja. Ninazo nyumba mbili, Refa. Nikimruhusu daktari, itabaki moja."

Refa aliweka chini beseni. Alisimama kando yake, bega kwa bega, akaziba jicho lake la kulia, akatazama. Akaziba la kushoto, akatazama. Shuka lilikuwa lilelile. Upepo ulilijaza, ukaliacha, ukalijaza tena, na mzee hakuondoa mkono usoni. Aliendelea kubadilisha, polepole, akingoja.